Yule wa Kuhesabu

Walukuba, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Rehema mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Wanyange kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu hatakuachilia mpaka umekula samaki wawili na kusikiliza ndoto zake zote za wiki nzima. Kwa hiyo nina muda mpaka alasiri. Nimeketi kwenye meza ya kulia, redio inasema kwa sauti ndogo, na daftari hili ni lile lako la zamani la jiografia. Usinigombeze, kurasa za nyuma zilikuwa tupu.

Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutopanda boda mvua ikinyesha sitayaandika. Shangazi anakuambia hayo hivi tunavyozungumza, na wewe ni mtu mzima. Wala sitakufundisha kazi yako. Wewe ndiye uliyesomea. Kesho unakwenda Mbale kuwafundisha walimu, maimamu, wachungaji, mama wa sokoni na vijana wa boda namna ya kumsaidia kijana aliyefika mahali pa kutaka kufa. Mimi nilisomea kufunga na kufungua milango ya gereza. Kazi yako nakuachia mwenyewe.

Ninaandika kwa sababu ya jana. Ulisimama hapa karibu na kabati, karatasi mkononi, ukanisomea maneno utakayofungulia mafunzo Jumamosi. Ukasema, "Nitaanza na kisa cha baba yangu." Ukaeleza habari ya yule mtoto wa Teso aliyepotea shuleni miaka ya vita, na afande mmoja, patroni wa bweni, aliyemtafuta mpaka akampata, akaketi naye chini, akamuuliza kwa upole, akamfikisha hospitali. Ukamalizia, "Afande huyo ndiye aliyenilea, na ndiyo sababu nafanya kazi hii." Halafu ukaniangalia. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Paza sauti kidogo, ukumbi ule una mwangwi." Kisha nikatoka nje kwenda kuwatazama kuku, ambao walikuwa hawana shida yoyote.

Rehema, kisa hicho si cha kweli. Mtoto ni wa kweli, shule ni ya kweli, hospitali ni ya kweli. Wa uongo ni mimi. Na Jumamosi utasimama mbele ya ukumbi mzima uwafundishe watu kwa uongo wangu, nao wataondoka wakidhani kwamba mtu wa namna yangu, akifanya kama nilivyofanya, anaokoa mtoto. Hilo siwezi kuliacha lipite. Ukinikasirikia ni haki yako, lakini kesho hupandi taksi bila kulijua.

Sasa nisikilize.

Unajua nilikuwa askari magereza Mbale. Ninyi mmekulia kwenye simulizi za pale, na Kiswahili hiki mnachokisema bila kufikiri mlikirithi kutoka lain, yale makazi ya askari, ambako huyu alikuwa mtu wa Lango, yule Mwacholi, yule Msoga, na hakuna lugha nyingine iliyotuweka pamoja. Lakini sikuwahi kukueleza kazi yenyewe. Ukiondoa mengine yote, kazi ya askari magereza ni kuhesabu. Asubuhi kabla ya kufungua, jioni kabla ya kufunga. Watu wanachuchumaa mistari ya watano watano, mikono juu ya magoti, macho chini, na wewe unapita na fimbo: tano, kumi, kumi na tano. Ukifika mwisho unapiga saluti unasema, "Idadi sawa, afande." Ukishasema hivyo unakwenda kula. Mtu anaweza kuwa ana homa, anaweza kuwa ameletewa habari ya kifo cha mkewe, hiyo haikuhusu. Yupo, basi. Nilifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Marehemu mama yako alikuwa akinicheka kwamba hata harusini nahesabu wageni, na kweli nilikuwa nawahesabu.

Serikali ilipobadilika wengi wetu tuliachishwa kazi. Shule moja ya bweni pale Mbale ikataka patroni wa wavulana, mtu wa mkono mzito. Teso kulikuwa kunawaka. Watoto walikuwa wakifika kwa miguu, wengine juu ya malori ya mihogo, wengine na barua ya padri, wengine bila hata viatu. Hedimasta aliniita ofisini akaniambia, "Afande, hawa wamelala porini miezi. Nataka nidhamu." Nikamjibu, "Nidhamu ndiyo kazi yangu, bwana." Wallahi, nilijiona nimerudi kazini.

Jioni ya kwanza nikapuliza firimbi, nikawatoa wavulana wote uani. Nikapaza sauti, "Chuchumaa! Watano watano!" Watoto wa Mbale mjini walicheka, wakaona ni mchezo. Wale wa Teso hawakucheka. Walichuchumaa hata kabla sijamaliza kusema, vizuri kabisa, mikono juu ya magoti, macho chini. Na mimi mjinga nikafurahi. Nikajisemea, hawa ndio wenye adabu, hawa wengine watajifunza kwao.

Sikujiuliza, Rehema. Sikujiuliza watoto wa shule wamefundishwa na nani kuchuchumaa vile.

Alikuwemo mmoja nitakayemwita Okurut. Silo jina lake, na kwa nini silo nitakuambia mbele. Mrefu, mwembamba, wa miaka kumi na mitano hivi, aliyekuwa akipenda kukaa mwisho wa mstari. Hakuwa msumbufu hata kidogo. Aliacha kula posho yake akawa anawapa wenzake. Akampa jirani yake wa kitanda mkebe wake wa hisabati, mpya kabisa. Darasani alikuwa akitazama dirisha tu. Mambo hayo leo unayafundisha kwamba ni ya kuangalia sana, nami yote niliyaona, maana macho yangu yalikuwa ya gereza, hayapitwi na kitu. Nikayapa majina mengine. Kutoa chakula nikakuita ukarimu. Kunyamaza nikakuita heshima. Na kila jioni alikuwepo mstarini, kwa hiyo idadi ilikuwa sawa.

Jioni moja nilipofika mwisho wa mstari nikaona amejikojolea pale pale alipochuchumaa. Gerezani, mfungwa mkorofi hukufanyia hivyo makusudi kukuonyesha hakuogopi. Basi nikaona dharau. Mtoto anatetemeka mbele yangu, na mimi naona dharau! Nikamwamuru aende akaoge, arudi, achuchumae peke yake mbele ya bweni zima, ahesabu kwa sauti mpaka mia. Akaanza. Moja, mbili, tatu, nne. Akanyamaza. Nikasema, tena. Moja, mbili, tatu, nne, kimya. Wenzake wakaanza kucheka. Nikasema, tena. Mara tatu alifika nne akaishia hapo, na mara tatu mimi nilisema tena, kwa sauti hii hii niliyokuimbia ulipokuwa mchanga. Hili ndilo nililokuficha maisha yako yote.

Asubuhi idadi ikapungua mmoja.

Mtu mwingine angefikiria mtoto. Mimi nilifikiria mtoro. Nikapuliza firimbi mpaka mapafu yakauma. Nikawagawa viranja wa bweni wakiwa na fimbo, hawa kwenye migomba, hawa getini, hawa barabarani, nikawa napita nikipiga kelele, "Okurut! Jitokeze! Tumekuzunguka!" Ndiyo, mama, cheka ukitaka. Mtoto amekimbia sauti yangu, na mimi namtafuta kwa sauti hiyo hiyo, tena nimeiongeza.

Aliyenisimamisha ni mpishi. Mama Khainza, mwanamke mfupi wa Kigisu, sauti nene, ambaye tulikuwa hatusalimiani vizuri tangu siku niliposema maharage yake ni ya mahabusu. Alikuja mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele yangu.

"Afande, toa hiyo firimbi mdomoni."

"Mama, hii ni kazi ya usalama."

"Usalama wa nani?"

Nikaishusha firimbi. Akasema, "Huyo mtoto kila alfajiri anakuja kuota moto kwangu. Juzi aliniuliza kama kuna mtu anayefika kwenye tanuri la matofali kule nyuma. Nilitakiwa nimuulize anataka nini huko, sikumuuliza, na hilo ni langu. Sasa nakwenda mimi. Wewe waite hao vijana wako warudi darasani, halafu kaa mbali."

Niliwarudisha vijana. Kukaa mbali sikuweza. Nilimfuata polepole, nikajibanza nyuma ya rundo la matofali mabichi, hatua chache tu kutoka kwake.

Tanuri lilikuwa la zamani, lina mdomo mpana chini pa kuingizia kuni. Mama Khainza hakuingia. Alikaa chini mbele ya ule mdomo, akanyoosha miguu kama mtu aliyekuja kuchambua mboga. Akasema, "Okurut, ni mimi wa jikoni. Sijaja kukurudisha. Nimekuja kukaa." Akakaa. Jua likapanda, jasho likanitiririka huko nyuma ya matofali, naye amekaa tu, mara aseme kitu kidogo, habari ya kuni mbichi, habari ya paka wa jikoni. Halafu akauliza kwa Kiswahili chake kile cha kuungaunga, "Mwanangu, unataka kufa?"

Loo! Nilitaka kuruka nimzibe mdomo. Nilidhani anampa wazo mtoto ambaye hakuwa nalo. Ndivyo sote tulivyoamini, na utaona Jumamosi, wengi bado wanaamini hivyo, kwamba ukilitaja unaliita. Kisha nikasikia sauti kutoka ndani, "Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nyumbani."

Hakumwambia ni dhambi. Hakumwambia wenzake wana shida kuliko yeye. Alisema, "Pole, mwanangu. Pole sana. Niambie." Kiswahili ni kile kile nilichotumia kuwaamuru watoto, lakini kwake yeye mtoto aliweza kukijibu. Na mtoto akamwambia. Watu wenye bunduki walifika kijijini kwao asubuhi, wakawakusanya wanaume mbele ya ghala la pamba, wakawachuchumaza watano watano, mmoja akapita akiwahesabu. Okurut alikuwa juu ya mti wa mfenesi, hakuna aliyemwona. Wa nne mstarini alikuwa baba yake, na hakusimama tena.

Kisha akasema jambo ambalo ningependa nisingelisikia. "Kila jioni nahesabiwa tena. Akiondoka yule wa kuhesabu, nitatoka."

Mama Khainza hakugeuza hata shingo. Alisema, "Afande, umesikia. Nenda." Kumbe alijua tangu mwanzo kwamba nipo. Nikaenda. Nilifika kwenye bomba la maji la uani, nikashika ukuta, nikatapika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, binti yangu. Aliyemtafuta, aliyeketi, aliyeuliza, aliyesikiliza, si mimi.

Utaniuliza, sasa hicho kisa cha afande kilitoka wapi? Kilitoka barabarani. Mtoto alikuwa hana nguvu, alikuwa hajala siku nyingi. Mama Khainza aliniita nilete baiskeli. Kabla sijaigusa alimuuliza mtoto, "Afande atasukuma tu, hatasema neno. Unakubali?" Mtoto akakubali kwa kichwa. Basi nikasukuma, yeye amekaa nyuma, Mama Khainza ameweka mkono mgongoni mwake njia nzima. Watu wa mjini waliona nini? Waliona afande anamsukuma mtoto mgonjwa kwenda hospitali, na mpishi anafuata. Mpaka jioni maneno yalikuwa yameshafika msikitini kwamba nimemtoa mtoto kwenye mdomo wa kifo.

Wiki iliyofuata hedimasta aliniita mbele ya shule nzima, akanishika mkono, akanipa saa ya ukutani. Watoto wakapiga makofi. Mama Khainza alikuwa nyuma kabisa, mlangoni mwa jiko, na mwiko mkononi. Nilimwona. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu, "ni yeye", nikasema "asanteni". Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa nimefukuzwa kazi moja, nilikuwa na mke na chumba cha kupanga, na kwa mara ya kwanza tangu nivue sare watu walikuwa wananiangalia bila kuniogopa. Ilikuwa tamu. Sikufichi, ilikuwa tamu sana.

Nilimfuata jikoni. "Mama Khainza, nitawaambia."

"Lini?"

"Nitawaambia."

Akakoroga sufuria. "Saa mimi sina pa kuitundika. Wewe acha kuwachuchumaza watoto wangu. Hayo mengine utajua na Mungu wako."

Niliacha siku ile ile. Jioni nilipita kitanda kwa kitanda, kila mtoto amesimama kwake, nikamsalimia kwa jina. Mwanzoni majina yalinishinda, nikawa naandika kwenye kiganja, na wavulana wa Mbale wakanipa utani wa Afande Kiganja. Okurut alirudi muhula uliofuata, akiwa na mjomba wake na dawa zake. Nilimwomba radhi? Nilimwambia, "Karibu." Basi. Nilidhani hiyo ilitosha.

Miaka ikapita, Teso ikatulia, watu wakajenga tena, wewe ukazaliwa, na kisa kikakua pamoja na wewe. Majirani walikusimulia, mimi nikanyamaza. Darasa la nne uliandika insha kunihusu, shujaa wa Mbale. Ulinipa niisome. Nilikusahihishia vituo na herufi kubwa, nikakurudishia.

Halafu yakaja mafunzo, ya kwanza kabisa ya aina hii yako ninayoyajua mimi. Walitukusanya walimu, mapatroni, mashehe, mama wa sokoni, hata polisi wawili. Mkufunzi alikuwa msichana mdogo tu, akauliza, "Nani hapa amewahi kumuuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua?" Hakuna mkono ulioinuka. Kisha watu wakageuka, "Afande! Afande, inua mkono!" Na mimi, Rehema, nikainua. Mtu mzima, mwenye ndevu, nikainua.

Alasiri wakatupa igizo. Mama mmoja muuza vitenge awe mwanafunzi aliyekata tamaa, mimi niwe mwalimu. Mama yule akainama, akajikunja, akaanza kulia kwa ufundi mkubwa. Nikafungua mdomo nimfariji, na kilichotoka ni, "Simama wima!" Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Ndani nilikuwa nataka kuzama. Siku mbili zile kila walichosema tufanye, kumuuliza bila kuzunguka, kumsikiliza bila kumhukumu, kutomwacha peke yake, kutomwahidi siri ambayo itamuua, kwenda naye kwa daktari badala ya kumtuma, nilikuwa nimekiona kikifanywa na mpishi asiyejua kusoma. Na kila walichokataza, nilikuwa nimekifanya mimi.

Kwa hiyo ukiniruhusu nikuambie kitu kimoja tu cha kazi yako, ni hiki. Jumamosi atakuwemo ukumbini mtu kama mimi. Utamjua kwa kuwa atakuwa wa kwanza kuinua mkono. Usimwaibishe mbele ya watu, na wala usimwamini haraka. Mtafute wakati wa chai. Huenda ana mtoto wake mmoja ndani ya tanuri, amembeba miaka, na hajapata mtu wa kumuuliza.

Nilichojifunza kilinifaa, sitakataa. Unakumbuka ile siku ya wazazi ambayo sikuja shuleni kwenu, ukaninunia mwezi mzima? Nilikuwa Bugembe, kwa kijana wa rafiki yangu aliyeachishwa kazi kiwandani. Nilikaa naye sakafuni kutoka asubuhi. Nilimuuliza swali la Mama Khainza, neno kwa neno. Alasiri tulikwenda hospitali pamoja, mimi na yeye na mama yake. Yu hai, ana duka la vipuri. Sikumwambia mtu, maana kila nilipotaka kusema niliona ile saa ukutani. Samahani kwa siku ile, mama. Niliona ukisubiri ni afadhali kuliko yeye asubiri.

Mama yako alikuwa anajua yote. Yeye ndiye aliyenifulia shati nililotapikia. Alipokuwa anaumwa aliniambia, "Mwambie Rehema kabla hajamwambia mtu mwingine." Nikasema nitamwambia. Unaona jinsi ninavyolipenda neno hilo, nitamwambia.

Jana ulipolala kidogo mchana baada ya kunisomea, nilimpigia simu Okurut. Anaishi Soroti, ni fundi umeme, ana mabinti wawili. Tulikuwa hatujazungumza miaka mingi. Nilimwambia, "Nataka kumweleza binti yangu ukweli. Lakini kisa ni chako, sina ruhusa." Kisha akasema, "Afande, mimi nilijua siku zote kwamba unaujua ukweli. Nilikuwa nangoja nione kama utasema." Akasema niseme, ila jina lake nibadilishe, kwa ajili ya mabinti. Nami nikamuuliza, kwa kuchelewa miaka hiyo yote, kama anaweza kunisamehe kwa ile jioni ya kuhesabu.

Akasema, "Ile jioni sijaisahau. Lakini kuna siku ulikuja wodini, ukakuta hakuna kiti. Ukachuchumaa karibu na kitanda changu, hukusema kitu, mpaka muuguzi akaja kukutoa. Hiyo pia sijaisahau."

Mimi nilikuwa nimeisahau kabisa. Nililia, Rehema. Uliponiuliza macho yamefanya nini nikasema moshi.

Kilichobaki ni kidogo, nacho ndicho kizito zaidi. Mama Khainza amefariki, Mungu amlipe mema. Alikufa kabla sijasema. Lakini ulinionyesha orodha ya watakaohudhuria, na wa sita ni Khainza, muuza nyanya soko la Mbale. Ni bintiye. Ndiye yule Khainza ambaye mama yake aliitwa kwa jina lake. Atakaa kwenye benchi akusikilize ukimpa baba yako kazi ya mama yake, kwa sauti nzuri, na kipaza sauti. Sijui kama anajua. Nadhani anajua.

Nilitaka kuificha barua hii kwenye begi lako uikute ukishafika. Huo ulikuwa woga, na woga huo umenitosha. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka Wanyange, na nitakaa hapa mezani mpaka uimalize. Uliza lolote. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza na wewe. Ila usiniambie kwamba nilikuwa na nia njema, maana wakati ule nia yangu ilikuwa idadi.

Na usinibebee. Usisimame wewe kuutangaza ubaya wangu kwa kinywa chako, si mzigo wako huo. Jumamosi asubuhi nitapanda taksi ya kwanza kuja Mbale. Kabla hujafungua karatasi zako nipe dakika tano. Nitamtafuta Khainza kwa macho, nitamwomba asimame, nami nitamwambia mbele ya watu wote: aliyemtoa yule mtoto ni mama yako. Mimi ndiye niliyemwingiza.

Baba yako